Fuwele Iliyogongwa Jibondo

Nilitoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, kisiwani kwetu, kwa sababu ya dharau. Mjomba Hatibu, fundi wa mashua kisiwani Jibondo, aliwaambia watu msikitini kwamba nilikwenda Uturuki miaka mitatu kuosha chupa. Mimi! Mwana wa Baleni niliyejisomesha kwa kuuza pweza, mwenye diploma, mkuza fuwele katika maabara ya Dar es Salaam!

Saa moja asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Utende, fuwele yangu ikiwa mfukoni ndani ya kibomba cha kioo nilichokiziba kwa moto. Niliikuza kwa miezi mitano, iko moja tu, na Jumatatu ilitakiwa ipimwe. Hewa yenye chumvi ikiigusa, inaharibika. Mwenye busara angeiacha Dar. Mwenye diploma alitaka kuonekana.

Saa nne nilivuka hadi Jibondo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari wa mawe. Umetuletea nini?"

Niliwaeleza yeye na mafundi wenzake: hii ni nusu-metali. Ndani yake elektroni zina njia mbili za nishati zinazogusana kwenye nukta tu. Usumaku ukizuka, nukta moja hugawanyika mbili.

Mjomba akasogeza sumaku ya spika mbovu. Fuwele haikutikisika.

"Imefunga saumu?" mjomba akauliza. Wakaangua kicheko.

"Inataka baridi, mjomba. Baridi kuliko barafu yoyote uliyoishika."

"Hee! Basi umeileta kuitesa."

Akaitwaa. Fundi wa Jibondo hapokei ubao bila kuugonga asikie mlio wake. Akakigonga kibomba kwa mpini wa patasi. Pa! Kioo kikapasuka.

Nilipiga ukelele usiolingana na elimu yangu. Mjomba aliitumbukiza fuwele kwenye kichupa cha sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopaka mashua, akakijaza pomoni, akakiziba kwa pamba.

"Hewa haipiti hapo. Nyamaza."

Alasiri nilirudi Utende nikinuka papa. Abiria waliniachia benchi zima.

Jumatatu, maabarani, tuliisafisha na kuishusha kwenye baridi kali, huku nikitunga uongo wa kujitetea. Usumaku ukazuka palepale tulipoutarajia: fuwele haikuharibika.

Nilichojifunza ni kwamba hewa haisomi vyeti. Kwenye ripoti, mkuu wangu aliandika kuwa mhifadhi wa sampuli ni mimi. Nililifuta jina langu, nikaandika Hatibu, fundi, Jibondo. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza chini yake: akisaidiwa na mpwawe, mwenye diploma.