Rejeta Dirishani kwa Dada Desanka

Hii hamtaiamini. Hata mke wangu, aliyeyaona yote kwa macho yake, mpaka leo anaikataa. Kompyuta ya mpwa wangu ilipozwa na rejeta ya gari, na rejeta yenyewe ilikuwa yangu.

Vukašin ni mtoto wa dada yangu Desanka, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, anayeishi na mama yake ghorofa ya nne hapa mjini Zrenjanin. Anachora nyumba ambazo bado hazijajengwa, kisha kompyuta inazigeuza filamu, unapita sebuleni na jikoni kana kwamba umeshakabidhiwa funguo. Kampuni moja ya Graz, kule Austria, ilimruhusu kufanyia kazi nyumbani, mradi asichelewe. Akichelewa, ahamie ofisini kwao au aache. Naye kuhama hataki: mama yake ni mjane, miguu inamvimba, ngazi zinamshinda.

Adui alikuwa joto. Kompyuta aliiunda mwenyewe. Pampu inazungusha maji, maji yanabeba joto la prosesa, ubongo wa kompyuta, na kulipeleka kwenye rejeta ya dukani, ndogo kama kitabu cha sala. Julai hii chumba kizima kilikuwa tanuri. Prosesa ikifika nyuzi tisini na tano inakokota miguu, ikizidi inajizima, na filamu inaanza upya. Alibadilisha feni, akabandua ubavu wa kasha. Ikashuka nyuzi mbili.

Ndipo akaniita mimi, niliyesoma fizikia kwa kuchungulia. Nikang'oa rejeta ya gari langu bovu, nikaisuuza kwa siki mpaka ikaacha kutema kutu, tukaitundika nje upande wa kivuli, mipira ya maji ikipita kwenye uwazi wa dirisha. Nyuzi sabini na moja! Wahandisi wenye vyeti ukutani waje waniamkie.

Lakini dirisha wazi, mlango wazi, upepo unapita katikati. Kwetu huo ndio unaoua watu. Desanka anamjua aliyepinda mdomo kwa upepo huo, na mwingine aliyeharibika figo. Akimwona mwanawe ana jasho shingoni, ameupa upepo mgongo, roho haimtulii. Vukašin alimweleza habari ya mipira, mama akaitikia vizuri, akamfunga skafu. Kugeuka, dirisha limefungwa.

"Mama, si nimekuomba?"

"Nimelirudishia kidogo tu, mwanangu. Umelowa."

"Ukilirudishia maji hayapiti."

"Maji yapo jikoni, nenda kanywe."

Mtu kama huyo utamfanya nini? Mimi nilimfokea, nikaambiwa nivae soksi.

Siku ya kukabidhi kazi, filamu ilibakiza kipande kidogo. Vukašin alipitiwa na usingizi kitini. Mama yake akaingia kwa kunyata, akamfunika shuka, akalisukuma dirisha kwa nguvu zake zote. Mipira ikabanwa. Mwana alipoamka, kioo cha kompyuta cheusi.

Watu wa Graz walikuwa wapole kwenye simu: meza yake iko tayari, aje Jumatatu. Desanka hajaambiwa sababu. Anachojua ni kwamba Waaustria wana roho mbaya, anapiga pasi mashati huku machozi yanadondokea kola, na mwana amekaa anamtazama. Hata mimi, na maneno yangu yote, nilienda kusimama jikoni.

Basi nawaandikia ninyi. Nilipofika mchana ule mpira ulikuwa bapa kama mkanda wa suruali, kipimo kinaonyesha nyuzi mia na arobaini, maji yanabubujika, nikayachota nikawapikia kahawa watu sita, na rangi ya ukuta ikaanza ku—

"Ilijizima kwenye tisini na nane, mjomba," anasema Vukašin, amesimama nyuma yangu anasoma, begi begani. "Na hilo dirisha, andika nililifunga mimi."