Siku Mchina Aliponiuliza Kama Nimekula

Shule niliiachia darasa la sita, na bado hapa Houston humpati Mswahili mwenye malori kama yangu. Hata marafiki zangu ni wakubwa. Mmoja ni mzee wa Kichina, mwenye benki kule Sugar Land na mwenyekiti wa Wachina wenzake. Aliniambia kwao mtu akikujali hukuuliza kama umekula, akataka kujua Waswahili wanasemaje. Nikamtafsiria neno kwa neno.

Nikamwalika kwenye uchaguzi wa chama chetu cha Waswahili wa hapa, ambapo nilikuwa naomba kurudi kuwa mweka hazina. Nilitaka watu waone ninakaa na nani. Mzee akasimama mbele ya ukumbi mzima, akanigeukia kwa adabu: "Mweka hazina, umekula?"

Dada mmoja muuguzi, mtu wa Mombasa, akasema, "Mjibu mgeni, kaka. Umekula, hukula?"

Kwa haraka nikajibu, "Bado."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nikaanza kueleza mila za Kichina, na kila nikieleza wanazidi. "Hajala," akasema jirani yangu, "lakini mikono kashanawa."

Kura zilinirudisha, maana kazi ile nani mwingine angeiweza? Ila waliweka sharti kwamba hesabu zangu azikague yule Mchina. Akakubali palepale, akidhani amepewa heshima. Heshima ni yangu. Mweka hazina gani mwingine Texas anakaguliwa na mwenye benki?