Niliwasingizia Nyuki

Kosa ni langu, tena langu peke yangu, msije mkamtafuta shetani hapa. Shetani mwenyewe siku ile alikaa pembeni ananishangaa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, nauza vitenge Kanyenye, hapa Tabora mjini, na Jumapili naimba kwaya. Jina langu niachieni. Wanaonijua watanijua tu, maana uso wangu siku hizi unajulikana kuliko mnara wa simu.

Yalianza binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Kizaramo. Wakatumiana picha za wazazi kwenye simu. Jamani! Mama wa bwana harusi, tunalingana umri kabisa, lakini shavu limekaza kama ngoma. Nikajitazama kwenye kioo cha dukani. Mashavu yangu yalikuwa yameteremka kuisalimia shingo. Siku hiyohiyo mteja mwenye mtoto mgongoni ananiambia, "Bibi, nipunguzie kidogo." Bibi! Nikamnyima punguzo, na kitenge chenyewe nikamnyima.

Nikaaga kwamba nakwenda Dar kufuata mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa uso.

Kwa wasiojua, wanakukata mbele ya sikio, wanazungukia nyuma yake, wanavuta ngozi, wanapunguza iliyozidi, wanashona. Ni ileile kazi ya fundi cherehani anapobana gauni. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinikalisha chini akaniambia, "Mama, hakuna uso unaokatwa ukakosa kovu. Kazi ni kulifanya lisionekane, na kazi hiyo nusu ni yangu, nusu ni yako. Usikae juani. Lala kichwa kikiwa juu. Usisuke nywele mpaka nikuruhusu, zinavuta mshono. Usipake kitu chochote zaidi ya dawa na plasta nilizokupa. Na urudi nikuangalie, maana kuna ngozi zinaota makovu manene."

Nikajibu ndiyo daktari, ndiyo daktari. Ndiyo zote zile ziliishia mlangoni kwake.

Baada ya siku kumi na kidogo wakanitoa nyuzi wakaniruhusu. Najitazama, Mayo wane, mama yangu! Uso umevimba, chini ya macho rangi ya embe lililooza. Kanyenye sirudi hivi, kule watu wana macho mpaka kisogoni! Nikapitiliza moja kwa moja hadi kijijini Ipole, kwa mdogo wangu.

Huyo mdogo wangu nitamwita Maganga, ingawa si jina lake. Ni mfuga nyuki, na alikuwa na mizinga tisa ya magogo aliyoachiwa na marehemu baba. Mama yetu alifariki Maganga hajaanza hata shule. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamlisha, nikamwogesha, nikamchapa. Mpaka leo ana mvi kidogo lakini nikisema neno, kwake ni neno la mama. Mlishike hilo, ndilo linaloniua.

Nilifika mchana nimevaa barakoa na miwani ya jua, kitenge nimejiviringa mpaka masikioni. Nikasema nina mafua. Wifi akaenda jikoni kunipikia. Nikasema naenda kunyoosha miguu kule kwenye mizinga ya baba. Nusu saa haikupita, nikarudi mbio bila barakoa wala miwani, kitenge tu nimekishikilia masikioni, nalia, "Nyuki! Nyuki wameniua!"

Nawaapia, hata inzi hakuwa amenigusa!

Maganga alitoka shambani mbio akanishika kichwa, akanigeuza huku na huku.

"Dada, mbona sioni miba?"

"Nimeshaitoa."

"Yote?"

"Yote! Ulitaka niitunze?"

"Na mikononi hawakukuuma?"

"Walitaka uso tu!"

Wifi akanitazama mashavu yaliyovimba sawasawa kulia na kushoto. "Hawa nyuki wamesoma," akasema. "Wameuma kwa kipimo." Maganga akamkaripia, "Dada yangu anaumwa, wewe unaleta mzaha!" Miaka thelathini anafuga nyuki, akili yake ilimwambia kweli, lakini aliyesema ni mimi. Akaikataa akili yake akanikubali mimi.

Siku ya tatu nikamsikia anaongea na wifi nyuma ya nyumba. Anasema watoto wa jirani wanapita pale kwenda shule. Nyuki walioshambulia mtu wa nyumbani mchana kweupe, bila kuchokozwa, kesho watamuua mtoto wa mtu. Na itasemwaje, kwamba nyuki wa Maganga walimla dada aliyemlea, naye akaendelea kula asali yao?

Jioni akafunga majani makavu akawasha moto. Akachoma mzinga kwa mzinga, yote tisa.

Nililala chumbani kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Sharti hilo la daktari nilikuwa nalifuata vizuri sana! Moshi uliingia dirishani. Neno moja tu, "Acha," lingetosha. Sikulisema. Niliwaza sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga, nikamwaza yule mama mwenye shavu la ngoma, nikageukia ukutani.

Maganga alirudi macho mekundu, akasema ni moshi. Mkononi ameshika chupa ya asali aliyoiokoa kwenye mzinga wa mwisho. "Paka, dada. Asali inaponya."

Nami nikapaka! Asubuhi na jioni, nyuma ya masikio, juu ya mishono. Plasta za daktari nikazitupa chooni, zilikuwa zinanifanya nijikune. Kurudi nimwone sikurudi.

Nikarudi Kanyenye uvimbe umeisha. Mbele, uso safi kabisa, sisemi uongo. Lakini pembeni ya masikio kovu likaanza kuinuka, na linawasha. Nikaona dawa yake ni kulifunika, basi nikaenda kusuka nywele za kubana zishuke masikioni. Msusi, niliyemwambia ni nyuki, akapekua nywele, halafu akauliza, "Mama, hawa nyuki walikuja na sindano na uzi?" Nikamwambia asuke, na avute. Akavuta. Mungu wangu, mishono ile ilinililia kichwani wiki nzima! Kuzifumua ndipo nikaona makovu yamepanuka, yamevimba kama kamba za viatu, moja kulia, moja kushoto.

Kilichobaki ni kilemba. Siku ya sendofu nikapiga kilemba kikubwa, kimeshuka mpaka kwenye hereni. Ukumbini wananisifu. "Mama bibi harusi umekuwa msichana!" Nikawa nacheka kwa uangalifu.

Sasa mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, toka enzi babu zetu wanatembea kwa miguu mpaka Pwani na pembe za ndovu kichwani. Mtani hakasirikiwi. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene mwenye sauti, akanijia anacheza, mshereheshaji nyuma yake na kipaza sauti.

"Wapagazi nyie! Babu zenu walifika kwetu na kiu, tukawapa maji ya kunywa! Leo mmetupa mke, lakini hii ngata ya mzigo bado hamjaitua?"

Akakinyakua kilemba changu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha kikakatika.

Nilishika masikio kwa mikono miwili, nimechelewa. Mama wa bwana harusi akaniinamia kwa huruma ya kweli kabisa, hakujua kipaza sauti kiko karibu.

"Pole, mwenzangu. Ulifanyia wapi? Hukukaa na plasta? Mimi nilimsikiliza daktari, miezi sita sikusuka wala sikuona jua." Akainua nywele. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na mstari mwembamba, huuoni mpaka uonyeshwe. Shavu la ngoma! Kumbe tulikuwa wateja wa duka moja, ila mwenzangu alisoma maelekezo.

Watu wakacheka tena. Mimi sikuwasikia. Nilimtafuta Maganga. Alikuwa meza ya wajomba, amesimama, sahani mkononi, ananitazama masikio. Taratibu akaiweka sahani mezani.

"Kumbe hawakuwa na kosa," akasema.

Ndilo neno pekee alilosema kwangu siku ile. Ilipofika zamu yake kama mjomba akamwombea binti yangu baraka, vizuri, bila kukosea. Kisha akaondoka.

Nimeshakwenda Ipole nikapiga magoti. Alininyanyua haraka, hakutaka wanawe waone. "Nimekusamehe, dada. Wewe ni mama yangu." Akanionyesha mizinga mipya aliyotundika. Hajaingia hata nyuki mmoja. Siku hizi anafanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu, toka jua linachomoza hadi linazama.

Nyinyi mnaosoma, hasa wamama wenzangu mnaojivuta mashavu kwenye kioo, sikilizeni. Uso ni wako, ukitaka kuuvuta uvute. Ila mtii daktari, acha jua, acha kusuka, acha kila dawa ya jirani, na kovu likiota rudi kwake mapema. Na watu wakiuliza, sema! "Nimevuta uso, mnasemaje?" Watakucheka wiki mbili, watachoka. Msimbebeshe mwingine aibu yenu, awe mtu au mdudu, maana aibu ya kubebeshwa ina mtu wa kuilipia, na mara nyingi ni yule anayekupenda.

Juzi tulikuwa msibani Sikonge, mimi na Maganga tumekaa benchi moja. Mama mmoja mgeni akanisalimia, akamwamkia Maganga shikamoo, akaninong'oneza, "Huyu mzee ndiye baba yako?"

Na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Kama nukta moja hivi, nilifurahi! Ndipo nikageuka nikamtazama mdogo wangu.