Nywila Zao Katika Daftari Langu la Vipimo

Nina duka la kushona sare za shule hapa Voi, na kwa miaka mingi nimekuwa mwajiri wa watu wanne. Mwajiri ni neno kubwa. Mimi ni fundi tu aliyenunua vyerehani vingi kuliko mikono aliyonayo. Lakini serikali ikishakuandika hivyo, kila mwezi unaipelekea orodha ya mishahara kwa mtandao, na mwaka ukiisha unampa kila mfanyakazi karatasi ya P9 inayoonyesha alicholipwa na ushuru aliokatwa. Kisha yeye mwenyewe, kabla Juni haijaisha, anatakiwa aingie huko mtandaoni ajaze ritani yake, ile fomu ya ushuru wa mwaka.

Mwaka wa kwanza nilipowaeleza, walinitazama kama niliyewaambia wakalime barabarani. Fundi wangu wa suruali, mzee aliyezaliwa kwenye nyumba za reli na wazazi waliotoka Kisumu, ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote.

"Madam, hiyo kitu si ufanye tu wewe? Wewe ndio unaijua."

Nami sikungoja kuambiwa mara mbili. Ukweli ni kwamba napenda kufanyia watu vitu. Niliwafungulia barua pepe mmoja mmoja, zote kwa namba ya simu yangu. Nywila niliwatungia mimi pia. Wa suruali nilimpa jina la kitambaa cha gaberdini, wa sweta nikampa sufi, na nyuma ya kila jina nikaweka kipimo cha kiuno cha mwenyewe, kwa kuwa hizo ni namba ninazozijua bila kuuliza mtu. Nikaziandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya wanafunzi wa shule za msingi. Mzee alipoota kitambi alitaka tubadilishe. Nilimwambia apunguze ugali.

Ndivyo ilivyozaliwa desturi yetu. Jumamosi moja ya Juni tulifunga duka nusu siku. Nilipika chai ya maziwa na kuchemsha viazi vilivyoshuka kutoka kwetu Werugha, wao wakala na kupiga soga, mimi nikiwa kwenye kompyuta naita mmoja mmoja. Aliyeitwa alikuja kuketi kando yangu na kunyamaza kwa heshima, mikono magotini, akitazama jina lake kwenye kioo. Nikimaliza nilisema, "Haya, wewe ni raia mwema, nenda kale." Walicheka kila mwaka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeomba kugusa kibodi.

Mmoja wa hao wanne alikuwa binti wa kijiji cha Makwasinyi. Alikuja kwangu ana miaka kumi na tisa, hajui hata kutia uzi kwenye bobini, na baada ya miaka tisa alikuwa anaweka kola ambayo mimi siwezi kuiweka. Aliniita Mama. Alikuwa na mtoto wa kike aliyemwacha kwa bibi yake kule kijijini, chini ya mlima Kasigau, na mara moja kwa mwezi alifunga safari kwenda kumwona. Akirudi Jumatatu alishona nusu siku bila kusema neno. Nilimwelewa, na nilimpenda sana, na nadhani alijua.

Mwaka huu, Januari, shule zinafungua, wazazi wamejaa mlangoni, akanitumia ujumbe asubuhi: Mama sitarudi kazini. Asante kwa yote. Basi. Nilipiga simu, haikushikwa.

Hasira zangu zinajulikana mpaka sokoni, lakini hizo za Januari zilinishinda hata mimi. Nilishona kola zile mwenyewe, vibaya, huku nikimsema. Nilisema nilimtoa mbali. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika. Wakati wa kutoa P9 ulipofika, nilitoa zote, yake nikaitia kwenye droo. Akiitaka, aje aichukue kwa miguu yake.

Juni, siku ya Jumanne, jumbe zikaanza kuingia kwenye simu yangu. Namba sita, na chini yake onyo kwamba namba hizi usimpe mtu yeyote. Nilitambua mara moja. Alikuwa mahali fulani, kwenye saiba bila shaka, duka la intaneti, anajaribu kufungua barua pepe yake, na kwa kuwa nywila ilibaki kwenye daftari langu, namba za kumfungulia zilikuwa zinakuja kwangu. Ujumbe wa kwanza niliutazama. Wa pili vilevile. Sijawahi kutii onyo kwa bidii namna ile. Wa tatu ulipoingia niliigeuza simu kifudifudi nikaendelea kukata sketi.

Mzee wa suruali aliona. Alingoja mpaka Jumatano tulipobaki wawili dukani.

"Madam, huyo msichana ameitwa kazi. Kufundisha ushonaji, chuo cha ufundi cha huko kwao Kasigau. Wanataka cheti ya ushuru, na hawezi pata kama hajajaza ritani. Ijumaa saa sita wanafunga."

"Kwani hana simu ya kunipigia?"

"Anakuogopa."

"Mimi?"

Mzee alirudi kwenye cherehani chake. Alikanyaga mshono mzima wa mguu wa suruali kabla ya kuongeza, "Hapo atakaa na mtoto wake. Nimesema tu."

Niliona aibu. Nataka niliseme hivyo bila kulizungusha. Nilikuwa nimekaa juu ya maisha ya mtu mwingine kwa sababu alininyima kwaheri. Nilimpigia papo hapo kwa simu ya mzee, akashika, nikamwambia neno moja tu, njoo kesho asubuhi, nikakata kabla sauti haijaniaibisha.

Alikuja kabla sijafungua duka. Nilimkuta mlangoni amekumbatia bahasha ya vyeti vyake, amekonda kidogo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula, nikampa chai. Nilitoa P9 kwenye droo nikaiweka mbele yake bila maelezo, naye akaipokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Tukaketi kwenye kompyuta, mimi kwenye kibodi, yeye kando yangu, mikono magotini vilevile. Mwisho wa Juni nchi nzima inakumbuka ushuru kwa pamoja, kwa hivyo mtandao ulikuwa umechoka. Kijiduara kilizunguka kikazunguka. Hatukuwa na pa kukimbilia.

"Ungeniambia unarudi kwa mtoto," nilisema, macho kwenye kioo. "Mtoto ni wako. Ningekukatalia?"

"Hungekataa Mama. Hiyo ndiyo niliogopa." Aliongea polepole, kama anayepasua mshono asiharibu kitambaa. "Ungesema nimlete Voi. Ungenitafutia nyumba Mwakingali, ungemtafutia shule, ungemshonea sare. Ungelipa kila kitu. Na mimi ningekubali, maana sijui kukukatalia. Halafu huyo mtoto angekuwa wako, kama vile mimi niko wako."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira ile ya Januari nisiione. Kila alichosema ningekifanya, tena kwa mpangilio huohuo, na shule nilikuwa nimeshaichagua kichwani mwaka juzi bila kumwambia.

Ukurasa ulifunguka. Mishahara yake ya mwaka mzima ilikuwa imepangwa pale, mwezi kwa mwezi, kama nilivyoituma mimi. Tulilinganisha na P9, alinisomea tarakimu nami nikazifuata kwa kidole kwenye kioo. Ritani ikapokelewa. Tukaomba cheti, na kabla chai haijapoa kikaingia kwenye barua pepe. Nilikipiga chapa nakala tatu, kile cha kwenye barua pepe tukakituma chuoni hapohapo, naye akakishika kile cha karatasi akasoma jina lake mpaka mwisho, midomo ikitembea.

"Asante Mama. Wacha nikimbie."

"Kaa kwanza. Toa simu yako."

Nilifungua barua pepe yake, nikaenda mahali pa namba ya simu, nikaifuta yangu. Yake aliiandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Ujumbe wa namba sita ukalia mkononi mwake, akaruka kidogo kwa mshtuko, akaziingiza. Kisha kompyuta ikataka nywila mpya, na yeye, kwa mazoea ya miaka tisa, akanisukumia kibodi.

"Weka tu Mama, wewe ndio unajua. Weka ile ya kiuno."

"Hii hapana. Weka unayoitaka wewe. Na usiniambie."

Alinitazama aone kama nimekasirika. Niliinuka, nikageuza kiti changu, nikaketi nikitazama ukutani zilikotundikwa sampuli za sare. Nyuma yangu nikasikia kibodi: herufi moja, kimya, herufi nyingine, kimya, halafu kadhaa mfululizo. Nywila ndefu ile. Nilijikuta najaribu kuhesabu, nikikisia ni jina la mtoto, nikajikataza.

"Nimemaliza Mama," alisema. "Sasa unaweza kugeuka."

Nikamwambia angoje kidogo.