Herufi Moja Iliyomfungia Nje Pascalia Lusweti

Umepita hapo mara ngapi, msomaji, ukaona wakulima wa miwa wamepanga foleni nje ya ofisi ya chama chao, ukageuza uso? Ukaambiwa mitambo imelala, ukaamini.

Saa mbili asubuhi, Lurambi. Zilpah Awinja, miaka 31, anawasha kompyuta ya ofisi ya chama. Aliajiriwa hapa kufagia; kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mbele yake yuko Pascalia Lusweti, mjane. Miwa yake ina miezi ishirini na mitatu shambani, inakauka. Zamu za kuvuna zinafungwa leo saa sita, na hapati zamu bila kuingia kwenye hifadhidata kwa jina lake. Mara tatu mwezi huu mashine imemjibu: mtumiaji hayupo.

"Sipo aje na nimesimama hapa?" anafoka. "Mimi nakuanga Rusweti tangu niolewe!"

Zilpah anacheka, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Hapo ndipo penye shida, kukhu. Kitambulisho kinasema Lusweti, na ndilo jina tunaloingiza hapa. Karani aliandika vile ulitamka, Rusweti."

Aliandika hivyo mwaka wa 2011, bila kuomba kitambulisho, na lawama zote akabebeshwa mkulima. Kati ya wanachama 1,340, Zilpah amehesabu 216 waliofungiwa nje kwa kuchanganywa l na r.

Basi akaandika skripti, programu fupi ya mistari arobaini tu. Inapeleka jina kwenye hifadhidata. Likikataliwa, inabadilisha l kuwa r, inajaribu tena. Lakini haimfungulii mtu mpaka namba ya uanachama na nenosiri vikubaliane.

"Sasa weka nenosiri, polepole."

"Ingokho!" anatangaza Pascalia.

Foleni inaangua kicheko. "Kukhu, hiyo ni siri!" anasema Zilpah. "Sasa Lurambi nzima inajua ni kuku."

"Wacha wajue! Kwani wataniibia kuku wa kompyuta?"

Skrini inatulia kidogo, kisha inaandika: Karibu, Pascalia Rusweti. Ukurasa wa shamba lake unafunguka. Anabonyeza. Zamu: Jumanne. Kigelegele chake kinawatoa watu hata kwenye duka la jirani, na Zilpah anachezeshwa katikati ya ofisi kama bibi harusi. Halafu wanabadilisha nenosiri, safari hii kwa kunong'ona.

"Hii skripti ni kiraka," anasema Zilpah. "Nataka majina yote 216 yasahihishwe kwenye daftari lenyewe."

Ombi lake limekaa mezani pa kamati miezi mitano. Kamati inakutana Ijumaa. Wewe mwanachama unayesoma haya, simama. Nenda ofisini leo, soma jina lako herufi kwa herufi, kisha utie sahihi kwenye ombi la Zilpah kabla hawajafunga mlango.