Nyusi za Fermín

Haya nitakayosimulia hakuna atakayeyaamini, wala simlazimishi mtu. Nimeshayasimulia klabuni kwetu Arroyo Pando mara nyingi, na kila mara hutokea mmoja wa kucheka mahali pasipochekwa. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Habari ni ya Fermín Iturralde, fundi wa vinu vya upepo, vile vinavyovuta maji ya ng'ombe huko mashambani. Nusu ya umri wake ameishi juu ya minara, hata wako watoto mjini kwetu wanaomjua kwa soli za viatu tu. Wakati ule hakuwa na mke wala hakuwa amepata kuwa naye. Mikono yake hunuka grisi, na kila Jumamosi aliisugua kwa limau na sukari mpaka ngozi ikawa nyekundu, kwa maana Jumamosi ndiyo siku ya klabu. Pale klabuni upande mmoja huchezwa karata, upande wa pili huchezwa tango, ile dansi ya wawili kukumbatiana. Fermín alikaa upande wa karata. Mwenzake wa karata alikuwa Tucho Barragán, mwanamume wa haiba, mwenye akili kali na sauti ya kupendeza. Tucho ndiye huyu huyu anayewasimulia, kwa hiyo msishangae akitajwa kwa heshima zake zote.

Karata zetu ni za truko, na wenza wawili huambiana kwa uso walichonacho. Ukiwa na ree ya upanga, inayozipiga karata zote, unainua nyusi. Ukiwa na ree ya rungu, unakonyeza. Huna kitu, unafumba macho. Kwenye tango nako mwanamume haendi kumwomba mwanamke mezani kwake, huo ni ushenzi. Anamtazama kutoka mbali, anainua nyusi, na mwanamke akiridhia anaitikia kwa kichwa. Sasa iweke michezo hiyo miwili katika ukumbi mmoja, uone balaa lake.

Nidia Bonfanti alikuwa muuza dawa pale mjini. Fermín alikuwa akinunua kwake dawa ya kuchua goti, na goti lenyewe wakati ule lilikuwa zima kabisa. Kabati lake lilijaa vikopo visivyofunguliwa. Neno zaidi ya "dawa ya goti, tafadhali" halikumtoka. Basi Jumamosi moja Fermín akapata ree ya upanga, akamwinulia Tucho nyusi, na nyuma ya Tucho, kule ukumbini, alikuwa amekaa Nidia. Nidia akaona nyusi. Akasimama. Akatembea mpaka ukingo wa uwanja wa kuchezea, akangoja. Fermín akatupa karata yake mezani, akashangilia, akachanganya nyingine. Nidia akasimama pale peke yake wimbo mzima, mji mzima ukimtazama, kisha akachukua koti lake akatoka.

Fermín aliambiwa kesho yake. Alikwenda kwenye duka la dawa, akakuta msichana mwingine. Kabla ya majira ya baridi Nidia alikuwa amekwisha kuhamia Buenos Aires.

Miaka ikapita. Julai moja, baridi ya kukata masikio, Quela, mke wa Tucho, akasema anataka kwenda kutembea mji mkuu likizo ile, ale vizuri, aone taa, akeshe kama binti. Kisha, huku akimenya viazi kana kwamba halimhusu, akamwambia Fermín, "Binamu yangu kasema Nidia hucheza kila Ijumaa kwenye ukumbi mmoja kule mtaa wa Boedo. Nimekwambia tu, shemeji."

Fermín akaenda kutengeneza kinu cha watu, akapanda juu, akakaa huko mpaka jua likazama. Aliposhuka alipita kwa Quela. "Shemeji, hilo basi linaondoka saa ngapi?"

Basi Ijumaa hiyo wakawa watatu kwenye barabara ya Corrientes, katikati ya Buenos Aires, mvuke ukiwatoka vinywani kama sufuria za supu. Tucho alifurahi kupita kiasi. Aliwasalimu watu asiowajua, na mbele ya bango la kila ukumbi wa maigizo alisimama akasema huyu mwigizaji nilisoma naye. Wakala piza kwa kusimama, kwenye kaunta, wamebanana mabega na watu waliovaa makoti mazito, wakateremshia mvinyo mtamu. Quela mashavu yalikuwa yamewiva. Fermín alikuwa ameshika kipande chake mpaka jibini likaganda.

"Kula, fundi," Tucho akasema. "Unakwenda kucheza dansi, siyo kunyongwa."

"Nitakula baadaye."

"Shemeji, mpe hicho kipande huyu mlafi," Quela akasema, "naye akuache." Halafu akamsogelea Fermín, akashusha sauti. "Akikataa, amekataa. Tutakunywa chokoleti ya moto, tutarudi kwetu."

"Si kukataa ninakoogopa, shemeji."

"Unaogopa nini basi?"

Fermín akafuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja. "Naogopa asinitazame kabisa. Nitakuwa nimeinua nyusi kwa ukuta."

Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwake. Huwezi kumwendea mwanamke mezani na maneno yako. Ni macho tu, na macho ya Nidia yalikuwa mali ya Nidia. Kesho asubuhi basi lao lilikuwa linarudi Arroyo Pando, na mtu wa umri wa Fermín hawezi kujiambia kwamba ipo Julai nyingine.

Ukumbi wa Boedo ulikuwa ghorofani. Ngazi zilikuwa baridi kama kaburi, kisha mlango ukafunguka, likawapiga joto la hita ya gesi pamoja na manukato na nta ya sakafuni. Wakapewa meza kando ya ukuta. Fermín akamwona kabla hajakaa. Nidia alikuwa upande wa pili, karibu na nguzo, nywele amezikata fupi na zimekuwa za kijivu, gauni la rangi ya divai, kikombe cha kahawa mbele yake. Naye akawaona. Akawatazama watatu wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma majina ya dawa kwenye rafu. Kisha akakigeukia kikombe chake.

"Haya," Tucho akanong'ona. "Inua."

Fermín akajaribu. Wenzangu, nyusi zile zimeinuka kwa ajili ya karata tangu ujana wake, zimeinuka gizani, zimeinuka kwenye mazishi, mara moja zimeinuka mbele ya padri. Usiku ule ziligoma. Paji la uso lilikuwa zito kama mlango wenye kutu. Duru ya kwanza, yaani nyimbo tatu nne mfululizo, ikachezwa, Nidia akachukuliwa na mzee mmoja mwenye masharubu. Duru ya pili, na kijana mrefu anayejua kucheza. Kila muziki uliponyamaza wanaume wote ukumbini walinyoosha shingo kuwatafuta wanawake, na Fermín alitazama viatu vyake.

"Tucho, niache," akasema, ingawa Tucho hakuwa amesema kitu.

"Ndugu yangu, umepanda minara ya hatari katika dhoruba."

"Mnara una ngazi."

Ikaja duru ambayo Nidia alikuwa bado hajachukuliwa. Alikuwa amekaa peke yake, uso umewaelekea. Tucho, kwa wema wake, akaona rafiki yake anahitaji kutiwa moyo, na kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi akamwambia kwa lugha yao ya siku zote. Akamkonyeza: mchezo ni wetu, ree ya rungu ninayo mimi. Ila Fermín alikuwa ameinamisha kichwa. Kukonyeza kule kukapita juu ya nywele zake, kukaenda kutua meza ya tatu, kwa mama mmoja mpana aliyevaa gauni la kijani. Mama akaitikia kwa kichwa. Mama akasimama. Akawajia kama meli inayoingia bandarini, akasimama mbele ya meza yao, akamziba Nidia asionekane hata unyoya.

"Nimekuja, mpenzi," akamwambia Tucho.

Tucho akamgeukia mkewe. Quela alikuwa akikata mkate kwa utulivu wa kutisha.

"Umemwita mwenyewe kwa jicho lako," akasema. "Nenda ukacheze. Ukimwacha amesimama hapo nitarudi nyumbani na shemeji, wewe utabaki uoe huku."

Tucho akaenda, akacheza, na wajuzi walisema alicheza kwa namna ya pekee. Lakini Fermín alipoweza tena kuona ng'ambo, Nidia alikuwa kwenye uwanja na mwanamume mwingine, macho ameyafumba. Kwenye truko kufumba macho ni kusema sina kitu. Fermín alijua fika kwamba kwenye tango si hivyo. Hata hivyo kulimpasua moyo.

Akavaa koti. Quela akamshika kwa mkono.

"Kaa."

"Shemeji, inatosha."

"Yeye alisimama wimbo mzima mbele ya watu wanaomjua. Wewe huwezi kukaa mbele ya watu wasiokujua?"

Akakaa, koti mwilini. Na hapo yule bwana wa muziki akatangaza: duru ya mwisho. Makoti yakaanza kuvaliwa, viti vikakwaruza. Mama wa kijani akamng'ang'ania Tucho kwa duru hiyo pia. Nidia alikuwa amesimama, ameshika kitambaa chake cha shingoni. Akakiangalia kitambaa. Kisha, sijui ni nini, akakaa tena, akauinua uso na kumtazama Fermín moja kwa moja, bila tabasamu. Alitazama kama anavyotazama mtu anayekupa nafasi moja tu, tena ndogo.

Fermín akainua nyusi.

Ziliinuka polepole, kwa maumivu, zikatetemeka huko juu. Nidia hakufanya kitu. Watu walipita wawili wawili kati yao, wakapita wengine. Fermín hakuzishusha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Kisha kichwa cha Nidia kikashuka kidogo sana, kidogo kiasi kwamba Quela alisema "Ndiyo?" na Fermín akasema "Ndiyo," na sauti yake haikutoka.

Akavua koti. Akavuka uwanja wote, goti likilia, maana sasa goti lilikuwa bovu kwelikweli. Akafika mbele ya meza ya Nidia, akasimama kwa heshima, akangoja ainuke.

Nidia hakuinuka.

Muziki ukaanza. Watu wakakumbatiana, wakaanza kuzunguka. Fermín alibaki peke yake ukingoni, mikono inaning'inia. Nidia akachukua kijiko, akakoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Meza za jirani zikageuka. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, yule mzee wa masharubu akatingisha kichwa kwa huruma. Fermín akaelewa anafanyiwa nini, na masikio yake yakawaka moto mpaka ndani. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Quela alikuwa amesimama kule mezani, kiganja mdomoni.

Hakuondoka. Akasimama. Aliusikiliza wimbo ule wote, mwanzo wake, katikati yake, pale unapotulia kama umekwisha halafu haujaisha. Tucho alikuwa akipita hapo karibu, akicheza na mama wa kijani, akapunguza mwendo makusudi, ndiyo maana yaliyofuata anayajua neno kwa neno.

Wimbo ukaisha. Nidia akaweka kijiko chini.

"Ni mrefu, sivyo?" akasema.

"Mrefu sana."

"Miguu inauma?"

"Goti."

"Ile dawa hukuipaka?"

"Sikuifungua hata moja. Ziko kabatini, zimejaa. Nilikuwa nakuja… nilikuwa nakuja dukani tu."

Nidia akasogeza kikombe kando. "Nilijua ulikuwa na ree ya upanga siku ile. Waliniambia wote, wakidhani wananifariji. Ndicho kilichoniuma. Hukuwa umeniita mimi."

Fermín akanyoosha mikono yake mbele, viganja juu, vyekundu, vinanukia limau.

"Leo sina karata," akasema.

Hapo wimbo wa pili ukaanza. Nidia akakunja kitambaa chake, akakiweka kwenye kiti, akainuka, akauweka mkono wake wa kushoto begani kwa fundi wa vinu vya upepo. Fermín alikuwa hajui kucheza. Hatua yake ya kwanza ilikanyaga kiatu cha Nidia, ya pili ilikanyaga hewa, na ya tatu, wenzangu, ya tatu ilikuwa hatua ambayo Buenos Aires haijapata kuiona! Watu mia nne wakapisha uwanja. Mama wa kijani akalia begani kwa Tucho. Wapiga vinanda wote sita wakasimama juu ya viti, na mkuu wao, machozi yakimdondoka, akavua koti lake akamtandikia Fermín sakafuni akisema tangu nizaliwe sijawahi—

"Wapiga vinanda gani, Tucho? Ilikuwa spika moja, tena inakoroma. Na watu tulikuwa ishirini, na nilimkanyaga mara ya tatu pia. Nidia! Acha hayo maji ya chai, hebu njoo umsikie huyu anavyo—"