Pampu Iliyokuwa Chini ya Kiti

Juzi nilipeleka gari gereji moja Kipawa. Fundi akainua kiti cha nyuma, akafunua zulia, harufu ya petroli ikanipanda kichwani, na hasira yangu yote ya utotoni ikarudi. Ngoja nikusimulie, mwenzangu.

Sie tulikaa Temeke, miaka ile magari ya mtumba yalipoanza kumiminika. Baba alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji yake ilikuwa uwanja wetu wa mbele. Asubuhi, mama akichoma vitumbua barazani, baba alikuwa akinifumba macho kwa kiganja chenye grisi, anawasha swichi, ananiuliza, "Mota inalia wapi?" Nami naonyesha kwa kidole: ya waipa, chini ya kioo cha mbele; ya kupandisha kioo, ndani ya mlango; na ya pampu ya mafuta, ile inayonguruma taratibu kule nyuma. Nikipatia, napewa kitumbua cha moto. Nilikuwa na miaka tisa, na vitumbua nilivila sana.

Jirani yetu mwenye duka alinunua gari kubwa kuukuu, shangingi. Baba akamtengenezea kioo cha mlango. Wiki haikuisha, gari likazima njiani. Fundi mwingine, aliyezoea magari ya zamani ambayo pampu yake hufungwa kwenye injini, akafungua boneti, hakuiona. Akasema imeibwa.

Jirani akaja na mgambo wawili, mtaa mzima unatazama.

"Pampu yangu umeiuza wapi, mwizi wewe?"

"Ipo, bwana. Iko ndani ya tangi. Inua kiti cha nyuma uione."

"Kitu cha umeme kikae ndani ya petroli? Unanifanya mjinga?"

Nikapiga kelele, "Iko kule! Mie nimeisikia!"

Akacheka. "Hata mtoto kashafundishwa uongo."

Baba alilala mahabusu siku mbili. Siku ya tatu, fundi mwingine kabisa akainua kile kiti. Pampu ilikuwepo, waya wake tu ulikatika kwa kutu. Baba akaachiwa. Jioni jirani akaja, akamvuta pembeni, akanong'ona, "Yaishe, jirani. Bahati mbaya."

"Mwizi umeniita barabarani," baba akamjibu. "Kaseme barabarani kwamba siyo."

"Usijitakie makuu," akasema, akaondoka.

Hakusema. Wateja wakapotea mmoja mmoja. Shuleni nikaitwa binti wa mwizi. Mwisho baba akauza vifaa vyake, akaenda kulinda ghala la mtu.

Uwanja ule sasa una vyumba vya kupangisha. Mama alikuwa akisema, "Aliyekudhulumu mwachie Mungu," na baba alimwachia, mpaka akafa. Siku ya hitima jirani alikuja, akakaa mkekani, akala pilau, akawaambia watu kwamba marehemu alikuwa fundi mwaminifu, hana mfano. Nikainuka nimkabili. Mama akanivuta gauni, nikakaa. Mpaka leo sijajisamehe kwa kukaa.